Hatua Arubaini

Nilimkuta na jina lake: Zogo.
Miaka mitatu mnyororoni nyuma ya ghala la karafuu,
akibwekea miavuli, kanzu zinazopepea,
mtu mwenye tenga kichwani,
na kuliko vyote, baiskeli.
Mlinzi wa kwanza alipostaafu nikakabidhiwa tochi,
rungu, daftari la zamu, na yeye.

Daktari Zuwena wa mifugo alichutama mbali,
akamtazama kwa pembe ya jicho, hakumgusa.
"Si mkali huyu. Mwoga.
Anabweka ili dunia irudi nyuma.
Mpe kazi: kuruka, kupenya, kupanda.
Lakini kabla hajaruka, mfundishe kuona."

Basi nikawa kituko cha Limbani.
Mabomba nimeyaomba kwa Shaame fundi,
yenye nyufa, yasiyoshika maji tena.
Pipa limekatwa ncha zote mbili.
Na wa kutembelea juu, mfumbati
wa kitanda cha marehemu mama.

Dada yangu Kazija alipouona mfumbati chini ya kucha za mbwa
hakunisemesha siku nne.
Ya tano akanena: "Maji mara saba, moja kwa udongo.
Na nguo zako zisikaribie kamba yangu."
Sawa. Ndoo yangu, udongo wangu, kamba yangu.

Alfajiri, baada ya sala, kabla ya watoto wa mpira,
tunasimama ukingoni mwa uwanja, umande miguuni.
Sisemi ruka. Sisemi kitu.
Tunamngoja Faki wa mikate apite barabarani
na honi yake, pwaa, pwaa,
nasi tuwe mbali kiasi cha Zogo kumwona
na bado akumbuke ana mdomo wa kulia.

Hatua arubaini: anakula dagaa.
Thelathini na nane: manyoya ya mgongo yanasimama,
dagaa wanaanguka, mimi sipo tena duniani,
kamba inanichana viganja.
Arubaini, basi. Wiki nzima, arubaini.
Mwizi ana siku zake, sisi tuna hatua.
Nani alijua woga una mpaka
unaopimika kwa kandambili?

Kisha akapita mtu na mwavuli, tukaanza upya toka sitini.

Pipani aliingia mara moja, akakaa humo.
Nikalala kifudifudi, nikachungulia:
macho mawili, na pumzi
kama za mtu anayesoma kimoyomoyo.
Sikumvuta.
Nami niliwahi kukaa hivyo,
mwaka ule mke wangu aliporudi kwao Mkoani,
chumbani, mlango wazi.
Alitoka alipotaka. Kwa upande alioingilia.

Jana cheni ya Faki ilichomoka
hapa hapa, mbele ya uwanja. Hatua kumi na mbili.
Akashuka. Tenga likayumba. Honi ikalia yenyewe.
Nikasema moyoni, kwisha, nikakaza magoti.
Zogo akawa jiwe, sikio moja mbele,
mkia si juu, si chini.
Nilisikia moyo unagonga; ulikuwa wangu.
Halafu akageuza shingo,
polepole, kama mlango wa ghala wenye kutu,
akanitazama mimi.

Nikamwaga dagaa wote wa mfukoni.

Faki, vidole vyeusi kwa grisi, akauliza bila kuinua kichwa:
"Yuno mbwa wako, kesharuka?"
"Bado."
"Miezi mitatu?"
"Miezi mitatu. Leo kanitazama."
Akalitafuna neno hilo huku akirudisha cheni menoni,
akapanda, akaenda,
na honi hakuipiga mpaka alipokata kona.

Bomba lipo palepale, kimo cha goti, halijarukwa.
Jogoo wa Shaame kalirukia,
kasimama juu yake, anawika.